Huyo nyenje wa miti wa Ohio ni spishi gani? Mgeuze umwone antena kwa chini kabla hujaamini programu

Dada mmoja anayeishi Columbus, Ohio kaniandikia swali refu, nimelifupisha ila maneno ni yake: "Shikamoo mwalimu. Tangu mwisho wa Agosti kuna kadudu kembamba, keupe kanakoelekea kijani, kanatua ukutani karibu na taa ya mlango wa nyuma. Usiku mtofaa wa jirani unatoa mlio huohuo, anavuta sekunde tano sita, anakata, anavuta tena. Nimekapiga picha kwa juu, na moja kwa chini kakiwa ndani ya glasi. Programu moja ya simu inasema Oecanthus fultoni, nyingine inasema Oecanthus quadripunctatus, jirani anasema ni katydid. Nitajuaje kwa alama? Ramani inasaidia? Na hawa ndo walewale wa kwetu Morogoro?"

Marahaba dada. Nimeangalia picha zako zote, na huyo wako ni Oecanthus niveus, dume. Programu zote mbili hazijapatia. Maelezo yako ya mlio peke yake yalishanitia wasiwasi na hiyo fultoni, alafu picha ya chini ikamaliza kazi. Ngoja nikueleze nimefikaje hapo, sababu msimu bado upo na utakutana na wengine ambao sio huyu. Ohio ni mahali pazuri sana pa kujifunzia wadudu hawa, jimbo moja tu lina spishi kama kumi hivi, zinazoishi miti mirefu, vichaka, magugu ya barabarani, mpaka mipaini.

Tuanze na jirani. Katydid ni jamaa wa senene wetu, wale wa Bukoba na Uganda, ni familia nyingine kabisa na nyenje. Ila nao wengi ni wa kijani, nao wanaimba usiku, kwa hiyo kuchanganya ni rahisi na simlaumu. Mtazame mdudu akiwa ametulia: katydid mabawa yake yamesimama ubavuni na kukutana juu kama paa la nyumba, wakati nyenje wa miti dume mabawa yake yamelala bapa mgongoni, mapana, yanapitisha mwanga mpaka unaliona tumbo kwa chini. Jike ndo anasumbua zaidi, mabawa yake ni membamba na yameubana mwili, ila angalia mrija wa kutagia, kwa nyenje wa miti ni mwembamba na umenyooka, kwa katydid wengi ni bapa na umejipinda kwenda juu. Na umbo lote la nyenje wa miti ni dogo, mwili sentimita moja na nusu hivi, kichwa kimenyooka kwenda mbele, antena ndefu kuliko mwili wenyewe.

Ukishajua ni nyenje wa miti, upande wa mashariki wa Marekani kuna jenasi, yani makundi ya spishi ndugu, mbili tu za kuwaza. Ya kwanza ina spishi moja huko kwenu, Neoxabea bipunctata, na huyu hasumbui kabisa: rangi yake ni kahawia inayoelekea waridi, sio kijani, na jike ana madoa makubwa meusi juu ya mabawa ambayo huwezi kuyakosa. Dume hana madoa hayo, ila rangi yake inamtaja, na miguu yake ya nyuma haina ile miiba midogo ambayo wenzake wanayo. Anapenda miti na mizabibu, na kwenye taa anakuja. Waliobaki wote ni Oecanthus, na hapo ndo kazi inapoanza.

Sasa antena. Usihangaike na urefu wake, angalia pingili mbili za kwanza kabisa, zile zilizoshikana na uso, na uziangalie kwa upande wa chini, yani upande unaouona mdudu akiwa anakutazama au akiwa amelala chali. Pingili ya kwanza ni nene, ya pili ni ndogo na fupi. Alama nyeusi zilizopo kwenye hizo mbili ndo zimekuwa zikitumika na wataalamu wa Marekani kwa zaidi ya miaka mia kutenganisha spishi hizi. Picha ya mgongoni haizionyeshi, na ndo maana programu za simu zinakosea sana hapa, zimefundishwa kwa picha nyingi za mgongo, na ukiipa picha ya mgongo inakupa jina la spishi inayotajwa zaidi, ambayo mara nyingi ni fultoni. Hata mtu mwenye uzoefu ukimpa picha ya mgongo tu ya huyu mweupe wa kijani, mkweli atakwambia Oecanthus basi, hataenda mbele.

Kwa wale wenye rangi ya huyo wako, kuna watatu wa kulinganisha. Oecanthus fultoni ana doa moja jeusi kwenye kila pingili, doa fupi, mviringo au umbo la yai, na lile la pingili ya kwanza limekaa juu ya kauvimbe kadogo kenye rangi ya maziwa au njano hafifu. Oecanthus niveus pingili yake ya pili nayo ina doa la yai, lakini ya kwanza ina mstari uliojipinda, unaona kabisa herufi J. Na Oecanthus exclamationis, pingili ya kwanza ina mstari mnene ulionyooka, ya pili ina doa, ukiziunganisha unapata alama ya mshangao, ndo jina lake lilikotoka, alipewa mwaka 1907. Sasa rudi kwenye picha yako ya chini uikuze: pingili ya kwanza ya antena ya kulia, ile J iko wazi na ndoana yake inaonekana. Ya kushoto mwanga umeipiga kidogo ukaonekana mstari tu, ungeangalia hiyo peke yake ungeweza kusema exclamationis. Kwa hiyo siku zote angalia antena zote mbili. Na kwenye picha ya juu utosi wa kichwa una rangi ya machungwa iliyokolea, hiyo inaendana vizuri na niveus, ingawa rangi ya utosi peke yake siitegemei, fultoni naye anaweza kuwa na umanjano hapo.

Quadripunctatus kwa nini sio? Jina lake linasema madoa manne, na ni manne kwenye kila antena, mawili pingili ya kwanza na mawili pingili ya pili, yamekaa sambamba, la ndani limekolea na refu kidogo, la nje ni dogo na limefifia, na hayagusani. Wako ana alama moja kila pingili. Hapo hakuna mjadala.

Kuna mwingine utakayempenda ukimpata, Oecanthus latipennis. Huyu hana alama nyeusi kabisa kwenye pingili hizo, ila sehemu ya mwanzo ya antena na utosi wake vina wekundu wa zambarau kama umempaka rangi, na dume mabawa yake ni mapana kuliko wote. Ni mkubwa, anapenda vichaka vya chini, blakberi na miche ya mialoni, na mlio wake ni mzito, unaenda bila kukatika. Ukiona mdudu mwenye antena nyekundu pale zinapoanzia, usitafute tena, umeshamaliza.

Naomba nikae kidogo kwenye majina, sababu utasoma vitu vya zamani na vitakuchanganya. Jina niveus lilitolewa na De Geer mwaka 1773. Baadaye, kwa miaka mingi sana, vitabu na makala za kilimo za Marekani zikawa zinaita niveus yule ambaye leo ni fultoni, yule maarufu wa kupigia mahesabu ya joto (nitaeleza mbele), na huyu wa J wakamwita angustipennis. Thomas J. Walker wa Chuo Kikuu cha Florida ndo alinyoosha mambo mwaka 1962: akaonyesha kwamba jina niveus ni la huyu wa J, na yule mwingine akawa hana jina lake halali, akampa fultoni kwa heshima ya Bentley B. Fulton, mtu aliyewachunguza sana hawa wadudu New York na baadaye Oregon mwanzoni mwa karne iliyopita. Kwa hiyo ukisoma maandishi ya kabla ya 1962 yanasema niveus analia vipande vifupi vifupi kwenye mtofaa, wanamaanisha fultoni. Hii sio habari ndogo, ramani za zamani nazo zimebeba makosa hayohayo, na mtu akichukua rekodi ya mwaka 1920 akaiweka kwenye ramani ya leo bila kuangalia mdudu mwenyewe anaharibu ramani.

Sasa kundi ambalo linanifanya niwaheshimu sana hawa wadudu, sababu alama zinafika mahali zinakwama. Hili ni kundi la nigricornis. Ndani yake yumo quadripunctatus niliyemtaja, yumo nigricornis mwenyewe, forbesi, pini, laricis, na wapo pia kina argentinus na celerinictus. Wote wana alama mbili kwenye kila pingili, tofauti iko kwenye unene na ukaribu wa alama. Kwa quadripunctatus zimeachana na zimefifia. Kwa nigricornis na forbesi ni nene, zimesogeleana au zimeungana, na mara nyingi antena nzima ni nyeusi, miguu ina weusi, na tumbo kwa chini lina weusi mkubwa. Lakini wapo nigricornis wa rangi ya kijani hafifu ambao weusi umewapungukia, na hapo ndo watu wanamwita quadripunctatus. Angalia alama ya nje ya pingili ya kwanza, ikiwa imekolea na kingo zake zimesambaa, mimi nakaa upande wa nigricornis na forbesi.

Na kati ya nigricornis na forbesi? Kwa macho, hapana. Nimeona watu wanabishana kwa picha nzuri kabisa, kali, kila unywele unaonekana, na bado hakuna aliye na haki ya kusema kwa uhakika. Hawa wawili wanatenganishwa na mlio. Wote wanavuta mlio mrefu usiokatika, kwa sikio ni uleule, lakini mlio huo umeundwa na mapigo, kila bawa likifunga linatoa pigo moja, na kwa joto lilelile forbesi anapiga mapigo mengi zaidi kwa sekunde kuliko nigricornis. Quadripunctatus yeye yuko chini ya wote wawili. Bahati mbaya kwako, au bahati nzuri inategemea, nigricornis anaenea upande wa kaskazini mashariki na forbesi upande wa katikati ya nchi, na wanakutana maeneo ya Ohio na Maziwa Makuu ya huko. Kwa hiyo mtu wa Vermont anaweza kuegemea ramani, wewe huwezi. Ukipata mweusi kama huyo kwenye magugu ya Columbus bila rekodi ya mlio, andika kundi la nigricornis uishie hapo. Kuandika jina la kundi ni jibu kamili, sio kushindwa.

Watu huniuliza kwa nini tuamini mlio kuliko alama. Sababu ni kwamba mlio ndo wanaoutumia wenyewe. Mwaka 1957 Walker alitoa majaribio yake ya majike na milio ya madume, akakuta jike anafuata mlio wenye kasi ya mapigo ya spishi yake, na zaidi ya hapo, kasi inayolingana na joto ambalo jike yupo muda huo. Yani joto likipanda dume anaharakisha, na sikio la jike nalo linabadilika hivohivo. Madoa kwenye antena gizani hayamsaidii jike kitu. Kwa hiyo pale mlio unapokuwa tofauti kabisa na alama zikawa sawa, mi nakaa na mlio.

Hii habari ya joto ndo iliyomfanya fultoni awe maarufu. Mwaka 1897 Amos Dolbear, profesa wa fizikia wa Chuo cha Tufts, aliandika kwamba nyenje ni kipimajoto, akatoa hesabu. Hesabu yake ukiirahisisha: hesabu milio kwa sekunde 15, ongeza 40, unapata nyuzi za Farenhaiti. Ukisikia milio 30 kwa sekunde 15, ni nyuzi 70, kama 21 za Selsiasi. Dolbear hakutaja spishi, lakini kwa hesabu zile wataalamu wanakubaliana alikuwa anamsikiliza fultoni. Mwaka uliofuata watafiti wengine, kina Bessey, walipima kule Lincoln, Nebraska, wakaonyesha tena jinsi joto linavyouongoza mlio. Kwa utambuzi jambo la maana hapa ni kwamba fultoni anatoa vipande vifupi, kimoja kimoja, unaweza kuvihesabu kwa kidole: kri, kri, kri. Kila kipande kina mapigo machache, mara nyingi manane, na madume waliokaribiana wanapatana wanalia kwa pamoja, mti mzima unasikika ni mdudu mmoja. Hakuna mwingine Ohio anayefanya hivyo. Wewe umesema wako anavuta sekunde tano sita alafu anakata, kwa hiyo kabla sijafungua picha fultoni alikuwa ameshatoka. Kuvuta kwa sekunde kadhaa na kupumzika ni tabia ya niveus na exclamationis, na kati ya hao wawili ndo J ikaamua.

Kwa ufupi upande wa masikio, kwa hawa Oecanthus: vipande vifupi vya kuhesabika ni fultoni, kuvuta na kukata ni niveus au exclamationis, kuvuta dakika nzima bila kukata ni kundi la nigricornis au latipennis. Hilo unaweza kulijua ukiwa umekaa kibarazani hujamshika mdudu yeyote.

Umeuliza ramani. Inasaidia, lakini naomba uitumie kwa kuondoa, sio kwa kuthibitisha. Mfano Oecanthus rileyi anafanana sana na fultoni, naye analia vipande vifupi ila polepole zaidi, na yeye ni wa pwani ya magharibi, California, Oregon, Washington. Wewe uko Ohio, mtoe kabisa. Mwenzako aliyeko Portland hawezi kumtoa, huko fultoni na rileyi wapo wote, na ndiko Fulton mwaka 1925 alikoripoti kwamba kuna aina mbili za mlio, moja ya mitini na moja ya vichakani. Celerinictus ni wa kusini mashariki, argentinus ni wa tambarare za kati na kusini, californicus ni wa magharibi. Fultoni na quadripunctatus wao wameenea pwani hadi pwani, kwa hiyo ramani haikwambii lolote kuhusu hao, isipokuwa fultoni hukosekana kule kusini mashariki mwisho, mtu wa Florida akinambia ana fultoni namwomba picha ya chini mara mbili. Niveus ni wa mashariki, kutoka huko kwenu kushuka mpaka Florida na Texas. Exclamationis na latipennis nao ni wa mashariki.

Mmea nao ni ramani ndogo. Kuna wawili ambao mmea unakaribia kuwataja majina. Oecanthus pini anaishi kwenye mipaini, na mwili wake umekubaliana na mti: kichwa, mgongo wa mbele na miguu ni kahawia, mabawa ni kijani, akikaa kati ya majani na kijiti cha mpaini humwoni mpaka alie. Oecanthus laricis, aliyeelezwa na Walker mwaka 1963, ni wa miti ya tamaraki na hemloki maeneo ya Maziwa Makuu, kahawia vilevile, na Ohio ukimtafuta ni upande wa kaskazini mashariki, sio Columbus. Ukimkuta wa kahawia kwenye mpaini wa bustani hapo kwako, anza na pini. Quadripunctatus anapenda majani ya chini, magugu, mashamba ya alfalfa na soya. Nigricornis na forbesi utawakuta kwenye magugu ya goldenrodi na kwenye rasberi, na majike wao wanatoboa matundu yaliyopangana mstari kwenye kijiti cha rasberi na kutaga humo, wakulima wanawajua kwa alama hiyo maana kijiti kinaweza kuvunjika hapo. Fultoni na niveus wanataga yai mojamoja kwenye gome la mti. Exclamationis anakaa juu sana kwenye mialoni, ndo maana picha zake ni chache kuliko wingi wake halisi, wengi wanaopatikana ni waliofuata taa au walioangushwa na upepo. Mtofaa wa jirani yako unawafaa fultoni na niveus sawasawa, kwa hiyo mmea wako haukutusaidia safari hii.

Sasa ufundi, maana picha yako ya chini ilipona kidogo tu. Mdudu ukimshika muweke kwenye kichupa cha kioo au mfuko wa plastiki unaoona ndani, umtie kwenye friji dakika chache, friji ya kawaida, sio kule kwenye barafu. Atapoa atatulia. Mwanga wa flashi ya simu uzime, unaunguza rangi hafifu na alama za quadripunctatus zinapotea kabisa, tumia mwanga wa dirishani au tochi ya pembeni. Weka karatasi nyeupe nyuma. Piga uso kwa uso na kwa chini, piga nyingi, kamera ikishindwa kukamata weka lenzi ndogo ya kukuza mbele ya simu. Alafu chukua na ya mgongo inayoonyesha upana wa mabawa, na ya tumbo kwa chini. Aliyetoka kujivua gamba usiku huohuo anakuwa mweupe na alama zake bado hazijakolea, mpe siku moja, kipande cha tofaa na tone la maji, kesho zitaonekana. Na asiye na mabawa kamili ni mtoto bado, mlishe mpaka akomae ndo umtaje jina. Mayai yanalala majira yote ya baridi na kuanguliwa mwishoni mwa machipuko, kwa hiyo watu wazima Ohio wanaanza kusikika mwisho wa Julai na wanaendelea mpaka baridi kali ya Oktoba, una nafasi.

Kwa mlio, rekodi nusu dakika angalau, ukiwa karibu, na uandike joto la pale alipo mdudu, sio la taarifa ya hali ya hewa ya uwanja wa ndege. Bila joto kasi ya mapigo haina maana yoyote, forbesi wa usiku wa baridi anaweza kupiga sawa na nigricornis wa usiku wa joto. Jihadhari na programu za kurekodi zinazosafisha kelele, simu nyingi zinauchukulia mlio usiokatika kama kelele ya feni na zinaufuta, unarudi nyumbani una ukimya. Zima huo usafishaji, au rekodi video, mara nyingi video inaubakiza mlio. Alafu fungua sauti kwenye kompyuta, ivute mpaka uone sekunde moja imejaa skrini, hesabu mapigo. Ulinganishe na milio ya tovuti ya Singing Insects of North America, mkusanyiko ambao Walker alitumia maisha yake kuujenga na uko wazi kwa kila mtu, una milio ya spishi hizi na grafu za kasi yake kwa joto.

Swali la Morogoro umeliweka mwisho ila nimelifurahia. Jenasi ni hiyohiyo, Oecanthus wapo Afrika, spishi ni nyingine. Alama za J na mshangao nilizokupa usizipeleke nyumbani, zimetengenezwa kwa wa Marekani Kaskazini, na mdudu wa Morogoro mwenye doa moja kila pingili hawezi kuitwa fultoni kwa sababu hiyo. Mwaka 1988 Toms na Otte walitoa kazi ya nyenje wa miti wa Afrika Mashariki na Kusini, wakaongeza jenasi na spishi mpya kabisa kwa sayansi, yani ni miaka ya juzijuzi tu, wakati yule wako wa Ohio alikuwa na jina tangu 1773. Na wa Afrika wana mambo yao: Oecanthus burmeisteri wa Afrika Kusini dume anatafuna tundu kwenye jani, anajibanza hapo mabawa yamejaa tundu zima, ndo anaimba, na jani lile linazuia sauti ya mbele na ya nyuma zisiuane, mlio unatoka mkubwa kuliko mwili wake, watafiti wa huko waliieleza mwaka 1975. Ukienda likizo, usiku ukimsikia nyenje anavuta mlio kwenye majani mapana, mmulike taratibu uangalie kama kuna tundu. Rekodi mlio, andika joto na aina ya mmea, piga ile picha ya chini kama ulivyofanya kwenye glasi, na unitumie zote pamoja na za mgongo, nitazilinganisha na walioelezwa 1988 na nitakujibu hata kama jibu litaishia kwenye jenasi.